Jiwe Lililomkwaruza Waziri

Nchi yenyewe ipo. Jina lake tusilitaje, maana wenyewe hawapendi litajwe ila kwa wimbo, tena watu wote wakiwa wamesimama. Inatosha kusema ni nchi nzuri sana, ina bendera, ina mvua mara mbili kwa mwaka, na ina Wizara ya Barabara, Kando za Barabara na Vyote Vipitavyo. Anayetaka kujua iko upande gani aangalie miguuni pake, huenda ameikanyaga.

Katika nchi hiyo alikuwepo fundi wa maabara aliyeitwa Mwajabu. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja cha bati kando ya Barabara Kuu, kilomita ya arobaini na moja, na ndani mlikuwa na mizani, machekecheo saba ya kuchekechea mawe, jiko la mkaa la kukaushia udongo, na picha ya Waziri anatabasamu. Kazi yake ilikuwa kupima mawe. Alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na alifika mahali akilishika jiwe tu mkononi anakwambia hili litakaa, hili litakimbia.

Kila siku saa moja asubuhi mumewe, Kibwana, alipita hapo nje na baiskeli, kreti la mikate limefungwa nyuma, anapeleka madukani. Alikuwa na mchezo wake. Akifika kwenye nguzo ya simu hupiga kengele mara moja, akifika kwenye kalvati la kupitishia maji chini ya barabara hupiga ya pili, na akifika usawa wa dirisha la maabara hupiga ya tatu. Ya kwanza, alikuwa akisema, ni ya kumsalimu mke wangu. Ya pili ni ya kumsalimu mtaalamu wa serikali. Ya tatu ni ya kuyasalimu mawe yake, yasije yakanionea wivu. Mwajabu hujifanya amekasirika, "Huyu mzee ataniaibisha kazini," huku mizani ameshaiacha na shingo imeshatoka dirishani.

Sasa, sheria ya nchi hiyo ilisema baiskeli isikanyage lami. Lami ni ya magari, tena magari yenyewe yawe yameoshwa. Baiskeli, mikokoteni, mbuzi, wanafunzi, na wagonjwa wanaokwenda hospitali kwa miguu, hao wote wapite begani, yaani kwenye ule ukanda usiotiwa lami ulioko kati ya lami na mtaro. Utaratibu mzuri tu. Tatizo ni kwamba mvua zilikuwa zimelitafuna hilo bega mpaka likabaki mashimo. Lami ilibaki juu, bega limeshuka chini, na mwenye baiskeli alikuwa anatembea kwenye kijia chembamba pembeni mwa malori huku anaomba Mungu. Masika yaliyopita Kibwana alianguka mara mbili. Mara ya kwanza aliumia goti. Mara ya pili alirudi nyumbani amelowa matope, mikate yote imebaki mtaroni, na yeye anacheka. Mwajabu alimpaka dawa kwenye goti, na hakucheka.

Ndipo ikaja barua kutoka makao makuu. Ilikuwa na mihuri minne na sentensi moja: fundi wa kilomita ya arobaini na moja achague jiwe la kujazia mabega yote ya Barabara Kuu.

Mwajabu aliisoma mara mbili, akakaa chini. Miaka kumi na tisa alikuwa amepima mawe ya madaraja asiyoyavuka na mawe ya viwanja vya ndege asivyovijua. Leo anaambiwa achague jiwe litakalokaa chini ya magurudumu ya mume wake. Jamani! Alifunga maabara saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapitia sokoni kununua samaki.

*

Mawe ya kuchagua yalikuwa ya namna mbili. Ya kwanza yalitoka mtoni: meupe, ya mviringo, yamesuguliwa na maji tangu enzi na enzi. Mazuri, huwezi kusema hapana. Ya pili yalitoka kilimani, yamepondwa kwa mashine, rangi ya masizi, yana pembe na makali kila upande, yamechanganyika na vumbi lake na udongo mwekundu kidogo. Sura mbaya hasa, ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Mwajabu alibeba ndoo mbili mbili mpaka nyumbani.

"Mtaalamu," Kibwana alisema alipoziona, "nimekukosea nini mpaka unaniletea silaha?"

"Nyamaza, ulete mchi."

Alitandaza mistari miwili uani, mmoja wa mawe ya mtoni, mmoja wa mawe ya kilimani. Akainyunyizia maji, akaishindilia kwa mchi wa kinu mpaka majirani wakauliza leo kuna pilau ya nani. Kisha akamwambia mumewe apande baiskeli.

Kwenye mawe meupe Kibwana hakufika mbali. Gurudumu la mbele lilikwenda kulia, la nyuma likaenda kushoto, na yeye mwenyewe akaenda kwenye kamba ya nguo. Alitoka hapo amejifunga kanga ya mkewe kichwani.

"Haya mawe yana kiburi," alisema.

"Hayana kiburi, hayana ushirikiano," Mwajabu alimjibu. "Kila moja liko peke yake. Ukilikanyaga linamsukuma mwenzake, mwenzake anamsukuma mwingine, mwisho wote wameondoka umebaki wewe. Lakini haya mabaya, tazama. Pembe ya hili inaingia ubavuni mwa lile. Vumbi linajaza nafasi, udongo unayafunga. Ukishindilia yanashikana. Mvua ikinyesha, jua likawaka, yanazidi kukaza."

Kibwana alipanda tena. Alipita juu ya mawe ya kilimani, akageuka, akapita tena, na safari ya tatu akaachia mikono yote miwili kama kijana anayetafuta mchumba.

"Aisee! Hapa napita hata nimefumba macho," alisema.

Mwajabu alisimama pale na mchi wake mkononi, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu masika alicheka mpaka akajishika kiuno.

*

Ila kuna jambo moja la nchi ile ambalo mgeni lazima aelezwe. Inasemekana Mwasisi wa taifa, siku ya kuchagua kitambaa cha bendera, alikipapasa kwa kiganja, akafumba macho, akasema, "Hiki." Basi ikawa sheria. Hakinunuliwi kitu cha umma mpaka kipapaswe na kiganja cha kiongozi, na chochote kinachoumiza kiganja hakina nafasi serikalini. Ndiyo maana sindano za hospitali zao ni butu. Majembe ya serikali hayana makali. Seng'enge ya gereza kuu iling'olewa miiba mmoja mmoja, na wafungwa wanabaki ndani kwa heshima tu. Wananchi wameshazoea, na wanaona fahari kwamba ndilo taifa pekee duniani ambalo ukilipapasa kote halikuchomi.

Kwa hiyo siku ya Kupapasa Mawe lilisimamishwa hema, ikaja bendi, na mawe yakawekwa kwenye masinia mawili yaliyotandikwa vitambaa vyeupe. Aliyesimamia shughuli alikuwa Bwana Machela, Mkurugenzi wa Mabega, mtu aliyepewa cheo hicho kwa sababu ya ulaini wa viganja vyake. Alivipaka mafuta mara tatu kwa siku na hakuwahi kufungua mlango mwenyewe.

Waziri, Mheshimiwa Ndugumbi, alianza kwa hotuba.

"Ndugu wananchi! Wapo watu wanauliza, kwa nini bega? Mimi nawajibu, kwa nini lisiwe bega? Mwanadamu ana mabega mawili, barabara ina mabega mawili. Hii si bahati, hii ni sera! Nchi nyingine zina barabara, hazina mabega. Nyingine zina mabega, hazina barabara. Sisi tunavyo vyote, isipokuwa hapa na pale!"

Watu wakapiga makofi, hasa pale kwenye hapa na pale, maana ndiko wanakoishi.

Kisha akapapasa. Kwenye sinia la mawe ya mtoni alifumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Aaa. Hili jiwe limelelewa." Mwandishi wa habari mmoja alilia. Halafu akageukia sinia la pili, akatia mkono kwa ukarimu uleule.

"Mama yangu weee!"

Bendi ilinyamaza katikati ya wimbo. Kwenye kidole cha shahada cha Waziri kilionekana kijitone cha damu, kidogo kiasi cha kuonekana na mtu aliye karibu tu. Askari watatu walilizunguka sinia. Daktari alikuja mbio na sindano yake butu ya kushonea, Waziri alipoiona akasema hapana, kitambaa kinatosha. Jiwe lililohusika lilitambuliwa kati ya wenzake, likatiwa ndani ya bahasha, likapewa namba ya kesi.

Mwajabu aliinuka. Alikuwa analiona lile kalvati na ile baiskeli mbele ya macho yake.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Jiwe la bega halikai kiganjani, linakaa chini ya gurudumu. Naomba muyaangalie yakiwa kazini."

Alilishika sinia la mawe ya mtoni, akaliinamisha kidogo. Mawe meupe yakaanza kushuka, moja, mawili, kisha yote kwa pamoja, yakabingirika zuliani mpaka kwenye viatu vya Waziri.

"Mmeona? Yanakimbia. Mvua moja tu, yote yako mtaroni."

Mheshimiwa Ndugumbi aliyatazama mawe miguuni pake, midomo ikamcheza.

"Yamenifuata," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa au aliyepata mtoto. "Hakuna aliyeyaambia. Yamenifuata yenyewe!"

Makofi yalipigwa mpaka hema likayumba. Mwajabu, maskini, aliona bado kuna nafasi. Aliliinamisha sinia la pili, akaliinamisha zaidi, na yale mawe mabaya yalibaki yamekumbatiana palepale, halikuanguka hata moja.

"Na haya yanakaa," alisema. "Haya hayaendi popote."

"Tumeona," alisema Bwana Machela kwa huzuni. "Yameombwa kuinama mbele ya Waziri, yamekataa."

Likapita jiwe la mtoni kwa kauli moja.

*

Kilichobaki ni saini. Nchi ile ina utaratibu, haijengi kitu kibaya bila mtaalamu kuthibitisha kwamba ni kizuri. Fomu ililetwa maabara: *Mtaalamu amethibitisha kuwa jiwe hili linafaa kwa bega.* Mwajabu aliirudisha. Ikaletwa tena ikiwa na picha ya Waziri, akairudisha. Mara ya tatu aliileta Bwana Machela mwenyewe, amevaa glavu za pamba.

"Dada Mwajabu, sisi hatulazimishi mtu," alisema, huku anatazama dirishani. "Mzee anapita hapa na mikate, sivyo? Tunaipenda sana ile mikate. Tunafikiria siku moja tuipapase."

Mwajabu alielewa. Mikate ya Kibwana ilikuwa na ganda gumu, watu waliipendea hilo. Isingepita kwenye kiganja chochote cha nchi ile, na mkate usiopita ni marufuku kuuzwa.

Jioni hiyo walikaa kula. Kibwana ndiye aliyeanza.

"Tia saini."

"Sitii."

"Mke wangu, tutakula mawe? Tia saini, tuishi."

"Na wewe utapita wapi?"

"Palepale. Nitapita taratibu. Mimi nina macho, nitaangalia."

"Hupiti kwa macho, Kibwana, unapita kwa magurudumu! Si ulianguka hapa uani mbele yangu?"

"Nilianguka kwa sababu nilikuwa nakuangalia wewe," alisema, na akamgusa mkono. "Huko barabarani nitaangalia njia. Tia saini, mtaalamu. Mimi nimekuruhusu."

Kesho yake alitia saini. Chini yake aliandika kwa herufi ndogo: *kwa sharti la kupimwa tena siku mvua itakaponyesha.* Bwana Machela alisoma, akamshukuru kwa uadilifu, akakichana kile kipande cha chini kwa vidole vyake laini, maana mkasi wa ofisi haukati.

*

Mabega yalijazwa. Mawe yalioshwa kwa sabuni kabla ya kumwagwa, na siku ya uzinduzi barabara ilionekana kama imevaa shanga. Wageni wa heshima walipanga kutembea begani hatua kumi, wakatembea tatu, kisha wakasema inatosha kwa ishara.

Kila siku mawe yalibingirikia mtaroni, na kila asubuhi malori yalileta mengine kujazia. Gazeti la serikali liliandika kwamba mradi umetoa ajira ya kudumu. Kibwana alitimiza ahadi yake. Alipita taratibu, pabaya akashuka akasukuma, akawa anachelewa madukani na wateja wakaanza kununua mikate laini. Lakini kwenye nguzo ya simu alipanda tena, kila siku, kwa sababu huwezi kupiga kengele kwa raha ukiwa unasukuma baiskeli. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwajabu alikuwa anazihesabu, na ya tatu ikishalia ndipo alipoweza kushika mizani.

Mvua za vuli zilianza Jumatano. Alhamisi asubuhi kulikuwa na manyunyu. Mwajabu alisikia ya kwanza kwenye nguzo ya simu. Akasikia ya pili kwenye kalvati. Akangoja.

Kilichofuata kilikuwa breki za lori, ndefu.

Hadithi hii ilitakiwa kuwa ya kuchekesha, na msimulizi alikuwa amejiandaa kuisimulia hivyo mpaka mwisho. Hapa imemshinda. Mwajabu alikimbia bila viatu juu ya yale mawe meupe, akaanguka, akainuka, akaanguka. Gurudumu lilikuwa limeteleza likamtupa Kibwana juu ya lami, mahali asiporuhusiwa kukanyaga. Lori lilikuwa limebeba mawe ya mtoni ya kujazia bega. Dereva, Nyambi, alikuwa amepiga magoti barabarani anamwambia maiti, "Mzee, samahani, mzee, samahani sana," na mikate ilikuwa imetapakaa kila mahali kwenye mvua, bado ina moto.

Mwajabu alikaa chini akakiweka kichwa cha mumewe mapajani. Alimwambia mambo mengi. La mwisho alilosikika akisema lilikuwa, "Mimi ndiye niliyetia saini."

*

Serikali haikulala. Tume iliundwa, ikakaa siku ishirini kwenye hoteli yenye bega zuri, ikatoa ripoti. Ilibaini kwamba jiwe halina kosa, kwa kuwa mtaalamu alilithibitisha. Ilibaini kwamba mvua ilinyesha bila taarifa. Ilibaini kwamba marehemu alikanyaga lami kinyume cha sheria, lakini kwa huruma ya Mheshimiwa faini imesamehewa. Bwana Machela aliileta ripoti nyumbani kwa mfiwa, pamoja na rambirambi za Wizara: jiwe moja jeupe la mtoni, ndani ya kisanduku cha mahameli.

"Lipapase," alimwambia kwa upole. "Linaliwaza."

Mwajabu alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Wanawake waliokuwa msibani walitazama chini.

Siku alipotoka eda, hakwenda maabara kwa mlango. Alizunguka nyuma, kwenye rundo la mawe ya kilimani lililobaki tangu majaribio, limeota majani. Alikuwa na kreti la mikate. Akalijaza, akalibeba kichwani mpaka kwenye kalvati.

Alianzia pale ilipolia kengele ya pili. Alizoa mawe meupe kwa mikono, akayatupa mtaroni yalikotaka kwenda. Akamwaga mawe mabaya pamoja na vumbi lake na udongo mwekundu, akanyunyizia maji, akashindilia kwa mchi wa kinu. Siku ya kwanza alimaliza hatua mbili. Viganja vilikuwa vimechanika, akavifunga kanga, siku ya pili akarudi. Wapita njia walisimama wakatazama, wakaondoka haraka, maana kufanya kazi bila uzinduzi ni kosa.

Siku ya tatu lori lilisimama. Nyambi alishuka, akabaki anaizungusha kofia yake mikononi.

"Mama," alisema, "sijui kama unataka kuniona."

Mwajabu hakuinua kichwa. Alishindilia kidogo, kisha akasema, "Maji yamekwisha."

Nyambi alichukua ndoo akaenda kuteka. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila asubuhi kabla ya kupakia, anateka maji, anabeba kreti, hawasemeshani. Ilichukua wiki tatu. Kutoka kwenye kalvati mpaka usawa wa dirisha, mahali pa kengele ya tatu, zilikuwa hatua thelathini na moja.

*

Walimkamata siku aliyomaliza. Hati ya mashtaka ilisema ameharibu bega la taifa kwa kulijaza jiwe ambalo liko mahabusu. Kesi iliendelea muda mrefu, kwa sababu ile bahasha ya ushahidi hakuna karani aliyekubali kuifungua kwa mkono. Mwajabu alisota rumande mvua zote za masika, na kiangazi kikaingia. Hukumu ilikuwa ya busara: hatapelekwa gerezani. Atayang'oa mawe yote kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya Waziri na wananchi, iwe funzo.

Hema lilisimamishwa tena. Bendi ilikuja. Barabara nzima, upande wa nguzo ya simu na upande wa mbele, mabega yalikuwa tayari mashimo, mawe meupe yako mtaroni na malori yamechoka. Katikati tu, kutoka kwenye kalvati mpaka kwenye dirisha, palikuwa na ukanda mweusi uliolala sawa na lami, haujapungua hata unywele.

Mheshimiwa Ndugumbi, akitafuta mahali pa kusimamia ili ahutubie, aliteleza mara mbili kwenye mawe yake mwenyewe akashikwa na walinzi. Mara ya tatu alikanyaga ule ukanda mweusi. Akasimama. Akajaribu mguu mmoja, akajaribu mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu ashike Wizara hiyo alikuwa amesimama begani bila kushikwa, na hakujua aseme nini, kwa hiyo alihutubia.

"Ndugu wananchi! Leo tunang'oa ukaidi!"

Mwajabu alipiga magoti. Alikuwa amekonda, na alikuwa mtu mwaminifu hata kwenye adhabu. Alilichagua jiwe moja la pembeni, akaingiza vidole, akavuta. Halikutikisika. Akashika lingine, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka kovu la kiganja likafunguka. Halikutikisika. Bwana Machela akaamuru waletwe wafungwa wenye majembe. Waliteremka sita, wakainua, wakapiga, na majembe ya serikali yakaruka na kulia kama masufuria. Walipiga mpaka wakachoka. Mfungwa mmoja aliinama akapapasa pale alipokuwa anapiga, akasema kwa mshangao, "Mbona yamekuwa jiwe moja?"

"Vuta, mama," alisema Bwana Machela. "Usilete mgomo. Vuta hata moja tu, tupige picha, twende zetu."

Mwajabu alivuta. Alivuta kweli, Mungu shahidi. Alikuwa anavuta huku machozi yanadondoka juu ya yale mawe mabaya, na mawe yalikuwa yameingizana pembe kwa ubavu, vumbi limejaza, udongo umefunga, mvua imenyesha na jua limewaka, kila kitu kama alivyokisema uani kwao siku ile na mchi mkononi. Miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kuona jaribio lililotoka vizuri namna hii.

Alilala kifudifudi, akaweka shavu juu yake. Palikuwa pamepata moto wa jua.

"Yameshika, Kibwana," alisema. "Ungepita hata umefumba macho."

Waziri aliuliza mwanamke anasema nini. Wote walikuwa bado wamesimama pale, bendi na walinzi na wafungwa na majembe yao butu, na kule kwenye nguzo ya simu alitokea muuza maziwa mmoja anasukuma baiskeli yake mashimoni kwa taabu. Alipofika kwenye kalvati alipanda, kama walivyokuwa wanafanya wote siku hizi. Alimpita Waziri, akampita Bwana Machela, kwa adabu akamzunguka mama aliyelala chini, na madumu hayakutikisika.

Akafika usawa wa dirisha la maabara, akapita kimya. Hakuwa na kengele.